Dakika Moja na Nusu

Saa kumi na mbili na robo jioni, Kadutu,
umeme wa Ruzizi hutupitia kama mgeni asiyevua viatu.
Anasalimu, anawasha taa ya sebuleni,
na televisheni ya mjomba Zihindula, yenye mgongo mnene,
inakohoa mara mbili ndipo inatoa rangi.

Hapo wimbo unaanza.

Wasichana wanne wa Japani wanakimbia darajani,
mmoja ana mkate mdomoni,
mmoja amesahau mwavuli, anaurudia, anausahau tena.
Ngoma ndogo, filimbi, makofi:
wimbo mwepesi kama andazi lililoumuka vizuri.
Paka anapiga mwayo. Jua linachomoza.
Jina la katuni linarukaruka, hatujui kulisoma,

na umeme unakwenda zake.

Kila siku hivyo hivyo.
Miezi minane tumefuata katuni
ambayo hatujaona kisa chake hata kimoja.

Lakini wimbo tunao.
Kijapani hufunga maneno kwa irabu, kama sisi,
kwa hiyo masikio yetu yalijihudumia:
Murhula alisikia "kata kamba",
Nsimire aliapa wanasema "mama, saa",
mimi nikajaza mapengo kwa vilivyokuwa jikoni,
na gizani, babula ikianza kushika makala, tuliendelea:

    Sambaza kwenye sahani,
    kata kamba, mama, saa!
    Kiatu kiko darini,
    kata kamba, paka kaa!
    Mvua yaja mlimani,
    kofia imeshajaa!

Kutoka juu, kwa fundi Buhendwa, waliitikia ubeti wao,
wa tofauti, wenye matusi kidogo.
Kutoka chini, kwa mama muuza ndizi, makofi tu.
Huku Bukavu nyumba zimebebana mgongoni;
wimbo hauhitaji njia,
unateremka kama maji ya kuoshea vyombo.

Na visa? Tulivitunga wenyewe.
Murhula alitaka joka. Tukamkatalia.
Wimbo kama ule hauwezi kuwa na joka.
Ni wimbo wa watu wanaotafuta mfuniko wa sufuria,
wa dada aliyenunua nyanya tatu akapewa nne
akatabasamu njia nzima hadi mlangoni.
Jumanne, yule wa mwavuli alishikwa na mafua.
Jumatano alipona.
Ijumaa hakikutokea kitu,
na hicho ndicho kisa tulichokipenda kuliko vyote.

Basi, mwezi wa kumi na moja, jioni ya mvua ya mawe,
bati likaanza kuvuja.
Tukatoka na ndoo, beseni, sufuria, hata kofia ya Murhula,
tukakinga paa zima, tukiteleza na kucheka,
na nyuma yetu, ndani, umeme
ukakaa.
Wimbo ukaisha. Kisa kikaanza, kikaendelea, kikaisha.
Tulisikia sauti, tukadhani ni redio ya jirani.

Tuliporudi tumelowa, giza lilikuwa limesharudi kwenye kiti chake,
na Koko M'Rugamika ameketi mbele ya kioo cheusi,
mikono mapajani,
kama mtu aliyetoka harusini sasa hivi.

"Umekiona? Chote? Kulikuwa na nini, Koko?
Kulikuwa na joka?"

Akafikiri. Hakuharakishwa.
"Walipika wali," akasema.
"Mmoja alilia kidogo, sikujua kwa nini.
Wenzake wakamsogezea bakuli.
Kisha wakacheka."

Tukangoja.

"Wali wenyewe," akasema, "hawakuutia chumvi."

Nsimire, maji yakimtiririka nyweleni,
akaenda jikoni kuonja wa kwetu.